Hatujengi masomo ya kabila



Mu vitabu vyetu vilivyotangulia tuliandika juu ya ndoa, juu ya matanga, juu ya mapacha na namna wazee walivyowapokea. Safari hii tunaandika juu ya masomo ya watoto wetu, na hatutaficha kama tunaandika na hasira kidogo. Hasira yenyewe ni juu yetu sisi wenyewe kwanza.

Mu mkutano wetu wa mwaka uliopita, hapa Lubumbashi, chini ya mwembe wa mmoja wetu, tulipomaliza hesabu ya kotizasio kaka mmoja alisimama. Ni mtu wa heshima, tunampenda. Akasema: "Bandugu, kabila zingine ziko zinajenga masomo yabo. Siye bantu ba Luapula tuko tunangojea nini? Tujenge masomo yetu. Direktere wa kwetu, balimu ba kwetu, batoto ba kwetu. Kule batajifunza Kibemba, batajifunza desturi. Benye kutoka mbali, bajenge yabo." Watu walipiga makofi. Wamama walipiga vigelegele. Sisi tunaoandika hapa tulikuwa wanne, watano hivi. Tulikaa kimya tukiangalia viatu vyetu. Basi lile jibu ambalo kinywa kilishindwa siku ile, tunalitoa leo kwa karatasi: hapana. Hatujengi masomo ya kabila. Na kama shirika litajenga, litajenga pasipo franka zetu.

Tuanze na haki ya kaka, sababu haki anayo. Wakati wa vakansi kubwa alimpeleka mjukuu wake Kasenga, mtoto wa miaka 9. Nkambo mke akatoka mu jikoni, akapiga magoti kidogo kama desturi inavyotaka, akamsalimu: "Mwapoleni." Mtoto akaangalia ukuta. Nkambo akarudia. Mtoto akamuuliza babu yake kwa Kifaransa, huyu mama anataka nini. Nkambo hakulia, alicheka tu, lakini alirudi mu jikoni na hakutoka tena mpaka chakula. Kaka alituelezea ile siku na sauti yake ilikatika. Nani kati yetu hana habari kama hii mu nyumba yake? Ugonjwa uko kweli. Tunachokataa ni dawa.

Maana tuulize kwanza: nani alitoa Kibemba mu kinywa cha yule mtoto? Je, ni mtoto wa Kasai aliyekaa naye mu banki moja? Ni mtoto wa Mwalubakat anayecheza naye mpira wa matambara? Hata kidogo. Tunawajua walioitoa. Wa kwanza ni ile mbao.

Wenye umri wetu wanaijua. Mmoja wetu alisoma mu masomo moja ambayo hatutataja, hapa hapa mu Katanga. Kila asubuhi mwalimu alikuwa anatoa kipande cha mbao chenye kamba, wakati mwingine mfupa wa ng'ombe. Wa kwanza kusema neno la Kiswahili ao la kilugha, anavalishwa mu shingo. Waliita simboli. Mwenye kuvaa alikuwa na njia moja tu ya kuivua: kumsikiliza mwenzake, kumvizia, kumkamata na yeye akisema, na kumpitishia. Anayekutwa nayo jioni, anachapwa ao anabaki kufagia. Ndugu yetu alivalishwa siku ya kwanza kwa maneno mawili: "Nipe maji." Alikuwa na kiu, mu Kifaransa alikuwa hajui kama maji inaitwaje. Anasema yeye mwenyewe kwamba hakusahau fimbo kwa sababu ya maumivu, anachokumbuka ni namna alivyomkamata rafiki yake wa nyumba ya pili, siku ya tatu, kwa kumkanyaga mguu makusudi ili apige kelele "mama!" Rafiki akavaa mbao. Ile ndiyo masomo iliwafundisha mbele ya kuwafundisha kuandika.

Leo mbao zimepunguka, lakini mahali pengine zimegeuka franka: neno moja la Kiswahili mu kalasi, mtoto alipe. Wazazi tunalipa na tunashukuru. Tunasema: ah, ile masomo iko nguvu, hawachezi kule! Halafu tunalia kwamba mtoto hamjui nkambo yake.

Wa pili kuitoa ni sisi. Nani anamsemesha mtoto Kifaransa cha kuvunjika mu nyumba ili jirani asikie? Nani anacheka mtoto akisema "ciBemba" na ulimi wa kijiji? Kaka alisema masomo ya kabila itarudisha lugha. Lugha ilitoka mlangoni kwetu, sisi tunaenda kuitafuta ku barabara.

Na sheria haituzuii. Katiba ya tarehe 18 mwezi wa 2 mwaka 2006 inasema mu kifungu cha kwanza kabisa kwamba Kifaransa ni lugha ya serikali, na lugha za taifa ni ine: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba, tena inaongeza kwamba serikali inapaswa kuziendeleza bila ubaguzi, na lugha zingine za inchi ni sehemu ya utajiri wa utamaduni wetu. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inasema lugha za taifa na lugha za mahali zitumiwe mu kufundisha watoto wadogo. Basi mwalimu anayevalisha mtoto mbao juu ya "nipe maji" si mlinzi wa masomo. Anavunja sheria, na sisi tunamlipa prime.

Sasa tuje ku neno lenyewe, lile "benye kutoka mbali". Tunaomba wazee watuvumilie hapa, sababu tutasema mambo wanayoyajua kutupita.

Ni nani hakutoka mbali? Tuseme juu yetu, watu wa Luapula. Mu karne ya 18 watu wa Kazembe walitoka ku Mwant Yav, mangaribi, wakavuka Lualaba, wakafika ku Luapula. Waliwakuta Bashila, wavuvi, pamoja na wengine. Walikuja na nguvu, na silaha, na vyeo vya Kilunda. Walishinda. Na kiisha kushinda, watoto wao walisema lugha gani? Kibemba. Hadi leo mtu wa Kazembe anajiita Mulunda, vyeo ni vya Kilunda, sifa za wafalme zina maneno ya kule walikotoka, lakini akigombana na bibi yake anagombana mu Kibemba. Kila mwaka mwezi wa 7, ngʼambo ya mto, Mwansabombwe, kunachezwa Mutomboko kukumbuka ile safari, na watu wetu wa Kasenga wanavuka kwenda kuangalia. Hii ni sikukuu ya watu waliokuja. Tunaicheza kwa furaha, halafu tunarudi Lubumbashi kuwaambia wengine kwamba wamekuja.

Majirani vilevile. Msiri wa Bunkeya, aliyeuawa mwaka 1891, alitoka Unyamwezi, kule leo ni Tanzania. Watu wake ndio Bayeke, na leo nani atathubutu kusema Muyeke si mtu wa Katanga? Baluba nao wanahadithia wenyewe kwamba Kalala Ilunga, aliyeinua ufalme wao, alikuwa mtoto wa mwindaji mgeni, Mbidi Kiluwe, aliyepita mu inchi ya Nkongolo na kuzaa na dada wa mfalme. Mtoto alikulia ku nyumba ya mjomba. Alikuwa mwepesi mu michezo, watu wakamsifu, mjomba akaona wivu. Akachimba shimo, akapanda mikuki ndani, akafunika na mkeka, akamwita mtoto aje acheze ngoma pale mbele ya watu. Mpiga ngoma alijua. Hakuweza kusema kwa kinywa, akasema kwa ngoma, na mtoto akasikia, akacheza akizunguka shimo, kiisha akakimbia. Tunawaambia watoto hii hadithi ili wamsifu Kalala Ilunga. Sisi safari hii tunauliza juu ya mpiga ngoma. Alikuwa mtu wa Nkongolo, alikula ku Nkongolo, na mtoto alikuwa wa mgeni. Juu ya nini alimwonya? Na mu masomo yetu, siku watu wanapochimba shimo, mwalimu gani atapiga ngoma?

Maana shimo lilikwisha kuchimbwa mara moja, na wengi wetu tuliona.

Huu mji haukujengwa na kabila moja. Reli kutoka kusini ilifika mwaka 1910. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilitafuta mikono kila mahali: kwetu Luapula na Rodezia, Lomami, Kasai, hata Rwanda na Burundi. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 waliwakalisha watu mu makambi pamoja na wake na watoto. Watoto wakaenda mu masomo ya wapadri Wabenediktini, wakakaa mu banki moja, na mu kucheza kwao wakazoea Kiswahili hiki ambacho watu wa pwani wanakicheka: Kiswahili chenye "paka", chenye "njo", chenye maneno ya Kibemba na Kiluba na Kifaransa ndani. Ndicho kile ambacho André Yav aliandikia habari za mji wa Elisabethville mwaka 1965, habari za maboi na mabwana wao. Ndicho Mufwankolo na wenzake walichekeshea inchi nzima mu teatre. Hatukukiletewa na meli. Watoto wa makambi walikitengeneza wenyewe, sababu mtoto wa Kasai na mtoto wa Luapula walitaka kuchezea mpira mmoja. Kama wakati ule kila kabila ingekuwa na masomo yake, leo tungekuwa tunasemeshana kwa mikono.

Halafu ikafika 1992. Mwezi wa 8 Nguz Karl-i-Bond akatolewa ku kiti cha waziri mkuu, Konferansi ya Taifa ikamchagua Tshisekedi wa Mulumba, na hapa kwetu wakubwa wa wakati ule walikuwa wameisha kuwafundisha vijana neno moja: bilulu. Wadudu. Watu wa Kasai, waliozaliwa Likasi, baba zao wamezaliwa Likasi, wakaitwa bilulu. Mwezi wa 9 moto ukawaka Likasi, mwaka 1993 Kolwezi. Watu walilala ku stasio ya gari moshi siku nyingi, mvua ikiwanyeshea, wakingoja mabehewa ya kwenda Kasai, inchi ambayo watoto wao hawakuiona hata siku moja. Wengi walikufa ku stasio na njiani, watoto kwanza.

Mmoja wetu alikuwa mu kalasi ya tano ya primeri, Likasi. Anasema asubuhi moja mwalimu hakuja. Alikuwa mama wa Kasai, mkali, ndiye aliyewafundisha kugawa namba zenye koma. Akaja direktere kusoma majina. Alisoma jina, kimya. Jina, kimya. Kufika katikati ya karatasi akaacha kusoma, akafunga kahie, akawaambia watoe vitabu. Karibu nusu ya mabanki yalikuwa wazi. Watoto waliobaki wakafurahi, ndugu yetu anakubali mwenyewe: walifurahi, sababu kila mmoja alipata banki yake. Kugawa namba zenye koma hakuna aliyewamalizia mwaka ule. Na neno la bilulu, anasema, alilisema na yeye, ku uwanja, kwa mtoto aliyekuwa anampa muhogo kila siku ya 4. Hajui yule mtoto alifika wapi.

Hatusemi kwamba masomo iliwafukuza. Waliofukuza wanajulikana, na historia inaandika majina yao. Tunasema paka hivi: siku chuki ilipofika, ilikuta kila mtu ameisha kuandikwa. Fungua karatasi ya kuandikisha mtoto mu masomo mengi mpaka leo. Jina, jina la baba, jina la mama. Vizuri. Kiisha: provensi ya asili, teritwari, sekta, kabila. Ya nini? Mwalimu wa kalasi ya kwanza anafanya nini na sekta ya nkambo ya mtoto? Itamsaidia kumfundisha a-e-i-o-u? Kifungu cha 45 cha Katiba kinasema kila mtu anaingia mu masomo ya taifa bila ubaguzi wa mahali alikotoka, wala wa dini, wala wa hali ya mwili wake. Tangu tarehe 7 mwezi wa 6 mwaka 1966 kuna hata sheria ya kuwaazibu wenye kuchochea ukabila na ubaguzi wa rangi. Miaka mingi. Lakini mstari wa kabila unabaki pale ku karatasi, unangojea.

Na majina yenyewe yanatucheka. Ilunga wa Kamina na Ilunga wa Mbuji-Mayi, nani atawatofautisha? Kalala, Kabongo, Kasongo? Ndiyo maana mwenye roho mbaya anahitaji ule mstari.

Kuna wengine watatuambia: ninyi mnasema hivi, lakini masomo yetu inapenda makabila yote, kila mwaka tunafanya siku ya utamaduni! Tunaijua ile siku. Watoto wanavalishwa rafia, wanapakwa pemba, mtoto wa Kasai anakata mutuashi, mtoto wa Kolwezi anavaa kinyago, wazazi wanarusha franka. Ni vizuri, na sisi tunarusha. Lakini ku saa sita siku ileile, mtoto wa mutuashi akitaka kuwa shefu wa kalasi anaambiwa haiko kwabo. Na mu masomo moja tuliona mtoto wa Kitwa, mtoto peke yake wa Kitwa mu masomo nzima, amepewa mshale na kuambiwa aruke kama mu pori. Yule mtoto amezaliwa mu mji. Baba yake anauza makala. Siku zingine za mwaka anakaa nyuma, peke yake, sababu wenzake wanasema ananuka. Kule Tanganyika, Batwa na Baluba waliuana, hasa mu miaka ya 2016 na 2017, masomo mengi yalichomwa, na watoto wa pande zote mbili walipoteza miaka. Mwaka 2022 inchi ilipata sheria ya kulinda haki za watu hawa. Lakini sheria haikai mu banki na mtoto.

Sasa kaka alikuwa na neno la mwisho, na ndilo lililoshangiliwa zaidi: "Bakatolike beko na masomo yabo, Baprotesta beko na yabo, Bakimbangu yabo. Juu ya nini siye hapana?" Ni swali la akili. Kweli, tangu mapatano ya tarehe 26 mwezi wa 2 mwaka 1977 serikali iliwarudishia wenye dini kuongoza masomo, kiisha Mobutu kuyachukua mwaka 1974. Lakini angalia mu kalasi ya mapadri: mtoto wa mchungaji yuko, mtoto wa Mwislamu yuko. Wanaomba minervali, hawaombi ubatizo. Tena mu dini mlango uko; mwenye kutaka anaingia, mwenye kuchoka anatoka. Mu kabila ya kaka mlango uko wapi? Zamani ulikuwapo: Mulunda aliingia mu lugha yetu, tukaoa kwake, akaoa kwetu. Ile masomo anayotaka inafunga mlango ambao nkambo zetu waliuacha wazi.

Na tuseme lingine, hata kama litachukiza. Mu wale waliopiga makofi kwa "direktere wa kwetu", wengine wanatafuta kazi ya direktere. Hatuwachukii kwa hiyo. Maisha ni magumu. Lakini wasiifunike njaa yao na nguo ya mababu.

Maana mababu walikuwa na masomo yao, na tunaijua namna yake. Ilikuwa nsaka. Pale katikati ya kijiji, chini ya paa, wanaume walikaa jioni na vijana wote. Kila nyumba ilileta bukari yake na mboga yake. Mtoto wa mgeni alilala ku mgeni, lakini alikula mu nsaka, mu sahani ya wote, na aliyekula haraka kupita wenzake alichekwa bila kuulizwa kabila. Pale ndipo walijifunza kusuka nyavu, kujua samaki, kuhukumu maneno. Hatusemi kila kitu kilikuwa asali. Mabinti hawakukaa pale. Walikuwa na kisungu chao na mama wa kuwafundisha. Na mtoto wa mtumwa alijua mahali pa kukaa. Mwenye kukuambia desturi haikuwa na kosa anakuuzia kitu. Lakini sahani ilikuwa moja.

Na kulikuwa na bunungwe. Hapa tunaomba vijana wasome polepole, sababu hii ndiyo dawa tunayoona, na iko mu kapu yetu wenyewe. Kila ukoo wa Kibemba uko na wanungwe wake. Wa Chui na wa Mbuzi, sababu chui anakula mbuzi. Wa Mamba na wa Samaki, vilevile. Wakikutana wanatukanana. Wanatukanana vikali: wewe chakula yangu, wewe mwizi, baba yako alikufa na deni. Mgeni akisikia atakimbia kuita polisi. Lakini siku mtu wa Mbuzi anakufa, nani anamzika? Mnungwe wake. Ndiye anachimba kaburi, ndiye anabeba, ndiye anachekesha wenye matanga mpaka wakubali kula. Tusi la bunungwe linarudi: ukinitukana nakutukana, tuko sawa. Na liko na deni ndani yake: ninayekutukana leo, nitakuosha maiti.

Sasa pima na lile neno la bilulu. Linarudi? Mtoto wa Kasai angejibu nini? Lina deni? Aliyelisema alizika mtu? Ndiyo tofauti, na mtoto wa miaka 10 anaweza kuielewa kabisa. Walimu wengi wakisikia watoto wanataniana juu ya kabila wanachapa wote, ao wananyamaza wote. Wangetufuata sisi wangeuliza maswali mawili tu: huyu anaweza kukujibu vilevile? na akigonjwa utamfikishia kahie yake ku nyumba? Kama jibu ni ndiyo, waacheni wacheke. Mu makambi wazee wetu walipanua bunungwe hivyohivyo. Mubemba na Mukasai walitaniana ku kazi, na siku ya msiba walichanga.

Basi sisi, wale wanne watano wa kunyamaza, tukaamua kufanya kitu kidogo. Tulienda kumwona direktere wa masomo ya serikali ya karibu na kwetu. Si wa kwetu, ni mtu wa Sankuru, tulimsalimu tu na tukakaa. Tangu masomo ya primeri ilipotangazwa kuwa ya bure, mwezi wa 9 mwaka 2019, kalasi zake zilijaa mpaka watoto wanakaa chini, wa kila kabila, vumbi moja. Tulimwambia: franka ambazo tungeweka mu masomo ya kabila, sehemu yetu tutaileta hapa kwa mabanki. Mabanki ya wote. Tulimwomba vitu vitatu. Aache kulipisha neno la Kiswahili mu kalasi za chini. Atuachie kalasi mbili siku ya posho, mangaribi, wazee waje kufundisha lugha: Kibemba, Tshiluba, Kiluba, kila mwenye mzee na amlete, na kila mtoto achague, hata mtoto wetu akitaka Tshiluba aende. Tena afute mstari wa kabila ku karatasi ya kuandikisha.

Neno la kwanza alilikubali palepale, akacheka, akasema hata yeye alivaa mbao, kwabo Lodja. La pili alikubali, kama tutaleta chaki. Posho ya kwanza walikuja watoto 11 wa Kibemba, na kati yao 4 si wa kwetu; mzee wetu aliwafundisha salamu na majina ya samaki. Mjukuu wa kaka alikuwapo, nyanya yake upande wa mama alimleta. Kaka mwenyewe hajafika. La tatu direktere aliandika mu kahie yake. Alisema karatasi za mwaka huu zimeisha kuchapwa, lazima aulize ku inspeksio, tumpe wakati. Tulimpa. Karatasi mpya zinatoka mbele ya mwezi wa 9, na tutapita kuziangalia.